Gari Lililotaka Namba

Jumapili iliyopita, saa nane mchana, jua likiwa limewafukuza hata kuku barabarani, Somoe Mbaraka alijilaza kwenye sakafu ya sebule yake, mtaa wa Ngamiani mjini Tanga, akaota magari.

Yalikuwa yale yale ambayo mumewe, Hatibu, amekuwa akimsimulia tangu walipooana. Hatibu ni fundi mstaafu. Ujanani alitengeneza magari ya Kimarekani ya wenye mashamba ya mkonge, na hadi leo ukimwuliza habari za mvua atakujibu habari za viyoyozi vya magari hayo: kipi kilitangulia, kipi kilifuata, kipi kilivuja. Somoe alikuwa akimsikiliza kwa sikio moja. Kumbe sikio hilo lilikuwa likiweka akiba.

Sasa, ilikuwa imepita miezi minne Somoe hajalala kitandani. Moto ulikuwa ukimpanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, hata asubuhi yenye ubaridi, kanga ikaloa chapa. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Aliamini kwamba ameshikwa na ugonjwa mbaya, na kwa kuwa aliamini hivyo, hakutaka mtu amthibitishie. Hatibu naye, tangu ile homa ya mapafu ya mwaka jana, hakutaka feni wala dirisha wazi. Basi Somoe akahamia sakafuni, akasingizia kwamba saruji inamfaa mgongo. Hatibu hakubisha. Alianza tu kupunguza maneno, na chai yake akawa anainywea barazani peke yake. Akimwuliza mkewe, "Mama Saumu, u hali gani?" anajibiwa, "Niko sawa tu."

Ndotoni, Somoe anasimama kando ya barabara ya lami inayotetemeka kwa joto. Pande zote ni jangwa. Mbele yake pana gari refu jeusi, na kwenye kioo cha mlango wake limening'inia pipa dogo la bati, mfano wa debe lililolazwa ubavu.

"Shikamoo," anasema Somoe, maana pipa linaonekana la zamani.

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji."

Anatazama mkononi, anaona kata imejaa. Anamimina. Pipa linakunywa, linacheua kidogo, linaomba radhi.

"Kabla yangu," linasema, "watu walifungua vioo wakamwachia Mungu. Mimi hulowa ndani, upepo wa mwendo ukipita unatoka umepoa. Panda, uvute kamba."

Somoe anapanda, anavuta kamba. Hewa inayomjia usoni ni baridi kama mdomo wa mtungi. Anataka kulia kwa raha. Gari halijafika mbali, jangwa linageuka Barabara ya Nane, na pipa linaanza kukohoa.

"Hapa wapi?"

"Tanga."

"Mbona hukusema? Hewa ya hapa imeshiba maji, haina pa kuweka yangu. Mimi ni wa nchi kavu." Likajichomoa lenyewe kwenye kioo, likamtakia heri, likaondoka kwa miguu kuelekea stesheni ya reli.

Moto ukampanda Somoe palepale. Alipogeuka kutafuta msaada aliona kwamba yuko katikati ya foleni ya magari, mamia kwa mamia, yote yamefungwa vioo, na juu ya barabara limetundikwa bango: ANAYEONA JOTO ASEME. ASIYESEMA AFUNGE VIOO.

Katika gari la jirani ameketi bibi wa Kizungu mwenye kofia ya maua. Jasho linamtiririka hadi shanga za shingoni zinaelea. Bibi anateremsha kioo upana wa kidole kimoja.

"Una mashine ya baridi?" anauliza.

"Sina. Wewe je?"

"Sina. Nimefunga vioo ili majirani wadhani ninayo. Mwaka wa tano huu."

"Na hao majirani?"

"Nao hawana. Wamefunga vyao."

"Si mfungue tu?"

Bibi alilifikiria jambo hilo kwa makini. "Aanze nani?" alisema, akapandisha kioo.

Somoe akatazama vioo vyake mwenyewe. Vilikuwa vimefungwa vyote vinne, na hakumbuki aliyevifunga.

"Samahani kwa kukukatiza," likasema gari. Sasa lilikuwa gari jingine, na usukani ulikuwa mikononi mwa Somoe ingawa hajui kuendesha. "Mimi ni wa mwaka arobaini. Miongoni mwetu ndimi wa kwanza kutoka kiwandani na mashine ya baridi ya kweli. Iko kwenye buti. Imejaza buti lote, kwa hiyo mizigo yako nimeiacha."

"Sikuwa na mizigo."

"Vizuri."

Baridi ikaanza kutoka nyuma ya kiti cha nyuma. Kwenye kiti hicho alikuwa amekaa Hatibu, amejifunika blanketi, nyusi zake zimeota barafu. Mbele, alipokaa Somoe, baridi haikufika kabisa. Alikuwa anachemka.

"Mama Saumu," anasema Hatibu kwa upole, meno yakigongana, "kama hutajali, zima."

Somoe anatafuta swichi. Hakuna.

"Sina swichi," linasema gari. "Kunizima ni kusimama, kuzima injini, kufungua boneti na kunivua mkanda wa mashine. Kuniwasha ni kunivika."

Basi anashuka, anafungua boneti, anavua mkanda. Hatibu anapata nafuu, yeye anazidi kuungua. Anashuka tena, anauvika. Hatibu anaganda. Anauvua. Akifanya hivyo mara ya kumi na saba, gari linamwambia aache kwanza, maana vita vimeingia na viwanda sasa vinatengeneza vifaru. Wakangoja. Vita viliisha baada ya kama dakika nne.

Walipoondoka tena walikuwa ndani ya gari la mwaka hamsini na tatu. Nyuma ya kiti cha Hatibu yalichomoza mabomba mawili ya plastiki angavu, yakapanda hadi darini kama masikio ya sungura, ili baridi ifike na mbele. Ilimfika Somoe kidogo, hafifu, kama salamu iliyopitia kwa mtu mwingine. Kabla hajashukuru, likaja gari la hamsini na nne, dogo lakini lenye akili. Lilikuwa limehamisha mitambo yote ya buti na kuipanga mbele chini ya boneti, na lilijisifu kwa hilo hadi walipolikatiza.

Gari la mwisho lilikuwa la mwaka sitini na nne. Lilikuwa jeupe, limetulia kama karani wa mahakama, na kwenye dari yake bado lilining'inia bomba moja la plastiki.

"Hilo si langu," lilieleza. "Ni urithi wa marehemu kaka, yule wa hamsini na tatu. Mimi sihitaji mabomba wala mikanda ya kuvuliwa. Niambieni namba, kwa Farenhaiti, kipimo cha joto cha kwetu Marekani, nami nitailinda kiangazi na masika. Mnataka joto kiasi gani?"

"Yoyote," alisema Hatibu.

"Mimi niko sawa tu," alisema Somoe.

Gari likazima injini.

"'Yoyote' si namba," lilisema. "Na 'sawa tu' nimeitafuta kwenye kipimo changu chote. Haimo."

Wakakaa. Nyuma yao foleni ikaanza kupiga honi. Somoe aliona moto ukimpanda kifuani, ukafika shingoni, ukafika masikioni, na safari hii haukuwa na pa kwenda isipokuwa mdomoni.

"Naona joto!" alisema. "Miezi minne nachemka, na naogopa. Nataka sitini na tano!"

Hakujua namba hiyo ameitoa wapi.

"Themanini na tano," alisema Hatibu haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja mlango ufunguliwe.

"Sitini na tano ndiyo ya chini kabisa niliyonayo," lilisema gari, "na themanini na tano ndiyo ya juu kabisa. Mmenimaliza. Lakini sasa nina pa kuanzia."

Likawaka. Likaondoka polepole, na foleni nzima ikawaka nyuma yake. Kioo kimoja kikateremka, kikafuata cha pili, kisha ukasikika mshindo mmoja mrefu wa mamia ya vioo vikiteremshwa, na bibi mwenye kofia ya maua akatoa kichwa nje, akatweta kama aliyeibuka majini. Somoe alicheka. Gari lilipopinda kona bomba la urithi likatikisika, tone kubwa la maji likadondoka shingoni mwa Hatibu, naye akapiga ukelele uliomwamsha mkewe.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Hatibu alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mkeka, amevaa sweta, gazeti mkononi. Ilionekana alikuwa akimpepea kwa muda mrefu.

Somoe hakuinuka. Alisema palepale, kabla ujasiri wa ndotoni haujamponyoka: "Baba Saumu, si mgongo. Naona joto. Linanipanda ghafla kama moto wa mabua, nalowa chapa, kisha linakwenda zake. Miezi minne sasa. Nadhani naumwa."

Gazeti likasimama.

"Ndicho kilichokutoa kitandani?"

"Ndicho."

"Joto tu?"

"Unaliita tu?"

Hatibu aliweka gazeti chini, akashusha pumzi ndefu. "Mimi nilidhani umenichoka, mke wangu," alisema. "Nilishaanza kuzoea." Kisha akacheka kwa sauti, naye Somoe akacheka bila kujua wanacheka nini. "Marehemu mama alilala mlangoni miaka miwili kwa joto hilohilo. Dada yangu Mwanamkuu alikuwa anamwagia kitanda maji. Ni umri, Mama Saumu. Hedhi ikikaribia kukoma, wengine huwajia hivyo. Kesho twende zahanati wakupime, tusikie na wao. Lakini kitanda ni kipana. Wewe utalala upande wa dirisha, liwe wazi, na feni ikuelekee wewe. Mimi nitakaa ukutani na blanketi langu."

"Utaumwa kifua."

"Nitavaa masweta mawili."

Somoe aliona kitu kizito kikimtoka mabegani, akaweza kukaa. Machozi yalimtoka, hakuyaficha. Hatibu alimsogezea gilasi ya maji, kisha akasita, akapeleka mkono nyuma ya shingo yake. Kola ya sweta ilikuwa imeloa.

Walitazama darini wote wawili. Dari ilikuwa kavu, na mvua haikuwa imenyesha Tanga kwa wiki tatu.

Hatibu alilipangusa tone kwa kidole, akalinusa kifundi, akalionja kwa ncha ya ulimi.

"Hili," alisema, "ni la hamsini na tatu."