Kitanzi na Karakana Nzima

Kwenye karakana yetu kila mtu anaitwa kwa kile anachoshona. Ni sare za shule mwaka mzima, bluu juu ya bluu, na bosi aliona majina yetu halisi yanamchosha. Anayeshona kola ni Kola. Mzee wa vifungo ni Vifungo. Mimi nashona mifuko, basi ni Mifuko, na hata watoto wangu wakitumwa kwangu wanaulizia Mama Mifuko. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye Zipu, na hapo utajua kwamba jina si mtu, maana mdomo ule haujawahi kufungwa.

Jambo la pili: tunaongea kwa kupiga kelele. Si ugomvi. Cherehani zote za umeme zikinguruma pamoja, ukimnong'oneza mwenzako utakuwa umeongea na uzi. Kwa hiyo siri zetu tunazipigia kelele, na mngurumo wa mashine ndio pazia letu. Unamwinamia jirani, unafungua koo, unamwaga mambo ya chumbani, na aliye meza ya pili haambulii kitu.

Siku hiyo nilikuwa nimemwinamia Kola. Mtoto wangu wa tatu ndiyo kwanza anaanza kutembea. Uzazi wake ulinitoa damu mpaka nikaongezewa ya watu, na daktari akasema wazi kwamba nikibeba nyingine karibuni nitakuwa nacheza na roho yangu. Vidonge nasahau. Sindano ilinivuruga mwili. Basi nikamwambia Kola, kwa sauti ya kazini, "Nataka kwenda kuweka kitanzi, na mume wangu bado sijamwambia."

Umeme ulikatika kwenye "kwenda." Mashine zilikufa zote pamoja, na maneno yaliyobaki yakatembea peke yake ukumbi mzima, yakafika kwenye meza ya pasi, yakarudi.

Mzee Vifungo alivua miwani. "Mwanangu, kitanzi? Mambo yamefika huko?"

"Si cha kujinyongea, mzee," Zipu akamjibu taratibu, macho kwangu. "Ni cha uzazi."

"Kile huwa kinapanda," akasema Mama Pasi, ambaye pasi yake imezimika na sasa hana la kufanya. "Kuna mtu kilimfika moyoni."

"Kilipita wapi, mama?" Kola akamuuliza. "Au kiliuliza njia?"

"Cheka tu. Na mwanamume kinamchoma."

"Kaka yangu akija hapa anachechemea," akasema Zipu, "mimi nitajua alikochomwa."

Watu walicheka mpaka bosi akatoka ofisini kuuliza kama tunalipwa kucheka. Na giza la umeme likaendelea, na mada ikaendelea. Mmoja alikuwa na shangazi aliyekaa nacho miaka na hakusikia hata mwasho. Mwingine alikuwa na rafiki aliyekitoa akazaa pacha, kwa hiyo kumbe kinalimbikiza. Penye wengi pana mengi.

Mimi umbea naupenda, sisemi uongo. Ingekuwa habari ya mtu mwingine ningevuta stuli na kuomba ianzwe upya. Kilichonikera si kusemwa. Ni kwamba katika kelele yote ile hakuna aliyegusa lile moja lililokuwa linanitafuna. Tangu ule uzazi, damu yangu ya mwezi imekuwa si ya kawaida. Siku zikifika nakalia kitambaa cheusi kilichokunjwa, na chooni naenda na mkoba kama msafiri. Nilikuwa nimesikia kwamba kitanzi huongeza damu. Kola ana dada aliyewahi kukiweka, na hilo ndilo nililotaka amuulizie. Lilikuwa sentensi yangu inayofuata. Umeme uliondoka nayo.

Nyumbani nilimkuta mume wangu ameshafika, amekaa mlangoni na viatu vyake vyenye matone ya rangi. Yeye hupaka nyumba za watu. Yetu inasubiri.

"Nimesikia," akasema.

"Umesikia kwa nani?"

"Dada alipiga simu. Halafu mama akapiga. Halafu dada tena, kusahihisha alichomwambia mama." Alivua kiatu kimoja. "Mama anauliza kama ni kweli unafungwa kizazi."

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nimjibu nini? Naulizwa habari za nyumba yangu kama mpita njia."

"Ningekuambia."

"Lini? Mzee Vifungo anajua. Anayepiga pasi anajua." Hakupandisha sauti, na hilo likaniudhi zaidi. "Sikukatazi, mama watoto. Siku ile walipopita mbio na mfuko wa damu, nani alikuwa kwenye benchi? Mimi sitaki kuwa wa mwisho, basi."

"Nilitaka niwe na uhakika kwanza."

"Sasa unao?"

Hapo ndipo pa kusema sijui. Pa kusema naogopa damu. Lakini mtu ambaye ameshinda kutwa nzima akichekwa kwa sababu ya kitu hawezi kugeuka jioni akaanza kukitilia shaka.

"Ninao," nikasema.

Kuanzia siku hiyo nikawa wakili wa kitanzi. Mama Pasi akisema kinapanda, namwambia labda chake. Mama mkwe akipiga simu, "Mwanangu, si ungengoja hata wa nne?", namjibu kwa adabu zote kwamba wa nne anaweza kuja asinikute. Zipu akianza na kaka yake, namuuliza tangu lini anajua ya chumbani kwa kaka yake. Nilishinda kila kesi. Na kila niliposhinda, swali langu lilizidi kukosa mlango, maana ningemuuliza nani sasa, wakati mimi ndiye mjuzi?

Asubuhi niliyoomba ruhusa kwenda kliniki, mume wangu alinisindikiza bila kuombwa. Akakaa kwenye benchi la nje. Mabenchi na yeye wameshazoeana.

Nesi alikuwa dada mdogo mwenye sauti ya taratibu. Nilimweleza ya vidonge na sindano, kisha nikamuuliza ya karakana yote. Kupanda moyoni? Hapana, kinakaa kwenye mfuko wa uzazi. Mara chache kinaweza kutoka chenyewe, na mara chache zaidi kutoboa, ndiyo maana unafundishwa kukagua nyuzi zake na kurudi ukiona tofauti. Kumchoma mume? Wengi hawahisi, na akihisi nyuzi hupunguzwa. Kuzaa baadaye? Kinatolewa siku yoyote utakayo.

Nilikuwa nimeanza kutabasamu. Nilikuwa naiona sura ya Mama Pasi.

"Sasa na mimi nikuulize," akasema nesi. "Damu yako ya mwezi ikoje?"

Nilimwangalia. Wiki zote zile, watu wote wale.

"Nyingi," nikasema.

"Nyingi vipi?"

Nikamweleza kitambaa cheusi. Nikamweleza mkoba. Akaweka kalamu chini, akanivuta kope la chini akalitazama, akanipeleka kupimwa. Niliporudi na majibu alitikisa kichwa.

"Damu yako iko chini, dada. Hiki cha shaba wengi huwaongezea damu na maumivu, hasa miezi ya mwanzo. Kwako nisingeanza nacho. Kuna kingine chenye homoni, hicho wengi huwapunguzia. Ila kwanza daktari aangalie kwa nini unatoka hivyo."

"Akishaangalia, niwekee hicho kingine."

"Kimeisha. Tumeagiza."

"Vijiti vya mkononi?"

"Tunaweza. Lakini umesema sindano ilikuvuruga, na hivyo navyo vinaweza. Ukitaka kungoja, kuna kondomu, na hizi dawa za kuongeza damu."

Nilitaka kupiga meza ya watu. Nimekitetea kitu mbele ya ukoo na karakana, kumbe nimekosea kitanzi. Wale wa moyoni na wa pacha watasema walijua.

"Nangoja," nikasema.

Nje mume wangu alisimama. Nilimwambia yote pale pale, damu, kitambaa, kilichoisha, hofu niliyoificha kwenye ule uhakika. Alisikiliza huku akikwangua rangi kwenye kucha.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza. Na kondomu utazibeba wewe."

Akazitia mfukoni, mfuko niliomshonea mimi.

Niliporudi karakanani, mashine zilikuwa zinanguruma. Zipu aliniona, akaachia pedeli. Kisha Mama Pasi akasimamisha pasi hewani. Kola akaacha. Mmoja baada ya mwingine wakaachia, mpaka ukumbi ukawa kimya kama siku ile, ila safari hii umeme upo.

"Haya, Mifuko," akasema wifi yangu. "Kimekaa?"

Nikavuta stuli, nikakunjua kitambaa changu cheusi mbele yao, nikakikalia. Nikaweka mfuko chini ya sindano.

Nikakanyaga pedeli.