Kima wa Njia ya Maporomoko

Nilimwambia, jamani! Tena si mara moja. Usimpe yule kima ndizi. Kaka yangu, mwongoza wageni hodari kuliko wote hifadhini, akanicheka mimi askari wa hifadhi.

"Hiyo bunduki imekupanda kichwani, mdogo wangu. Watu wanapanda mlima masaa matatu, wanaambulia matope na ukungu. Waache wapate picha."

Basi akamtoa kima mtini kwa ndizi, moja moja, mpaka mnyama akawa anapekua mikoba ya wageni pale kwenye daraja la maporomoko. Wageni kicheko, kaka sifa mpaka getini.

Jana mtoto wa mgeni, miaka minne, alikuwa na biskuti, akakataa kuiachia, kima akamng'ata mkono. Ameshonwa nyuzi tisa.

Mkuu wa hifadhi hakupiga hata kelele. Alisema tu, mnyama akishauma mtu kwa ajili ya chakula, atauma tena. Akasaini amri ya kumpiga risasi, akanikabidhi mimi.

Asubuhi nikamkuta kaka anakunywa chai, mkewe anampigia pasi shati la kazi.

"Vaa viatu, twende wote."

"Mimi siwezi kuona hayo."

"Huwezi? Mbona kulisha uliweza? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu umemlea wewe! Inuka, kabla sijakuaibisha mbele ya wifi."

Darajani tulisubiri karibu saa nzima. Kima alikuwa juu kabisa, majani yamemziba, ananichungulia mimi na bunduki yangu. Ningepiga ningebahatisha tu.

"Mwite," nikasema.

"Nakuomba, dada."

"Mwite! Au unataka nimjeruhi, akateseke siku tatu huko porini mpaka afe?"

Akaita, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mchanga. Kima hakusita. Akashuka mbio, akamrukia kaka begani, akaanza kumchambua nywele.

Hasira zilinipanda mpaka machozi yakanitoka. Nilitamani kumzaba kaka vibao, mtu mzima yule.

"Mshushe."

Kaka akamshika kima kwa mikono miwili, akamweka chini taratibu, akarudi nyuma hatua tano. Kima akamfuata. Akamrudisha palepale.

"Kaa hapo," akamwambia.

Akakaa.