Modeli ya Duara la Nyamtondo

Jumanne hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, Martina Masalu alikuwa kwenye karakana yake ya useremala Ngokolo, mjini Shinyanga, akigundisha njiti za kiberiti ndani ya boksi refu la kadibodi. Boksi lilikuwa shimo la dhahabu. Njiti zilikuwa matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo zisiporomoke. Juu ya boksi palikaa jukwaa lenye upana wa meza, na kila kitu kilifuata kipimo cha moja kwa ishirini: sentimita tano za modeli zilikuwa mita moja ya jukwaa lenyewe, na mchimbaji alikuwa na sentimita nane na nusu, bila kuhesabu kofia.

Modeli ilikuwa ya tamthilia ya nyimbo aliyoitunga Mwalimu Sostenes, mwongoza kwaya. Ilisimulia habari za vijana watano waliofukiwa miaka miwili iliyopita katika duara la Nyamtondo, upande wa Geita. Duara ndilo jina ambalo wachimbaji huliita shimo lao. Mwenye duara, mzee Mihayo, ndiye aliyetoa mbao na sare za waimbaji, na ndiye aliyesimika jiwe la saruji lenye majina matano pale shimo lilipofunikwa. Martina alikuwa ametengeneza vitanda, makabati na majeneza kwa miaka kumi na tisa. Jukwaa hakuwahi, na kazi hii aliitaka kwa moyo wote.

Alichonga wachimbaji watano, akawapanga chini ya shimo, akafunga karakana. Kesho yake asubuhi alikuta tisa.

Alichukua rula akawapima. Wageni wanne walikuwa sawa na kipimo. Mmoja alizidi kwa milimita tatu, lakini watu warefu wapo. Walikuwa wakifuta jasho na kutazama juu. Kilichomsumbua Martina ni matimba, maana aliyapigia hesabu ya watu watano. Akaongeza njiti nane na kuirefusha ngazi.

Saa nne Euphrasia, muuza chai, alifika na chupa ya chai na maandazi, kama kila siku.

"Mwangaluka, dada Martina. Shikamoo."

"Marahaba, Mama Rebeka. Weka chai pale mbali, usije ukawamwagia."

Euphrasia aliinama juu ya boksi, akamtazama yule mrefu kwa muda.

"Huyu ni Kalisti," alisema.

"Baba Rebeka?"

"Shati hilo nilimshonea mimi. Kifungo cha pili nilikosa cheupe, nikaweka cha bluu."

Martina alichukua kioo cha kukuzia. Kifungo cha pili kilikuwa cha bluu.

Siku duara lilipotitia, Kalisti alikuwa zamuni. Kampuni ya mzee Mihayo ilisema hapana. Kibali kiliruhusu watu watano tu kushuka, kwa hiyo waliokuwamo walikuwa watano. Wengine wanne, yaani Masudi, Eliya, Enock na Kalisti, kampuni iliandika, walitoroka kazini. Kalisti alidaiwa kuonekana Buseresere na mwanamke mwingine. Kwa hiyo hakuna aliyempa Euphrasia pole, wala aliyekuja kukaa naye matanga. Mashemeji walimwambia avumilie, mtu wake akichoka huko atarudi. Kanisani wanawake walipunguza sauti alipopita. Miaka miwili aliuza chai akiwa si mke wala mjane.

"Mdomo wake unachezacheza," Martina alisema. "Anasema nini?"

Euphrasia alitega sikio. "Anaimba besi. Ila wimbo bado hajaujua vizuri."

Mchana Mwalimu Sostenes alikuja na kinanda chake kidogo. Alihesabu watu, akasikiliza ubeti mmoja, akavua miwani.

"Afadhali," alisema. "Besi zangu zilikuwa dhaifu. Kalisti, baba, unachelewa kuingia."

"Samahani, mwalimu," sauti ilijibu kutoka kwenye boksi.

Wakarudia ubeti wa pili mpaka saa kumi.

Ijumaa mzee Mihayo alikuja kukagua, amevaa koti zito na joto lote lile. Alisalimiwa, akasalimu, akatazama shimoni.

"Naona tisa hapa. Tulikubaliana watano."

"Mimi nilichonga watano, baba," Martina alisema. "Hawa wengine wamekuja wenyewe."

"Basi waondoe."

"Siwezi kumwondoa mtu nisiyemweka."

Mzee aliwachukua wale wanne kwa vidole viwili, mmoja mmoja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, akawatia mfukoni mwa koti. Kabla hajafika kwenye gari lake walikuwa wamesharudi chini ya shimo, na mfuko wa koti ulikuwa umejaa tope jekundu. Alirudi mlangoni akijipangusa.

"Kwenye bango iandikwe watano," alisema. "Na jukwaa lijengwe la watu watano. Ukishindwa, mafundi ni wengi."

Martina aliiweka rula juu ya boksi. "Jukwaa nitalijenga kama modeli ilivyo. Nikijenga pungufu yake litamwangukia mtu. Kama hutaki, tafuta fundi mwingine."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tano, na mafundi wengine wote walikuwa wanatengeneza madawati ya shule. Mzee Mihayo aliagiza bango la watano na kuondoka.

Martina alijenga. Alikata magogo halisi, akayapachika bila msumari hata mmoja, akatengeneza ngazi ndefu, na ukutani akapigilia ndoano tisa za kutundikia kofia. Alipomaliza, aliishuka ngazi mwenyewe mpaka chini na kupanda tena, na matimba hayakulia hata kidogo.

Jumamosi saa kumi alasiri ukumbi ulijaa. Watu walitoka Kahama, Mhunze na Geita. Waimbaji watano waliovaa sare za kijani waliteremka shimoni wakiimba. Ngoma ilipiga kishindo cha udongo, vumbi likapanda, kisha pakawa kimya. Baada ya hapo ulifuata wimbo wa mwisho, na watano walipanda ngazi mmoja baada ya mwingine. Nyuma ya wa tano ulitokea mkono mwingine. Akapanda Masudi. Akapanda Eliya, halafu Enock. Mwisho akapanda Kalisti, amekamilika urefu wake wote, na vumbi kichwani. Walitundika kofia kwenye ndoano zao na kusimama mstari mmoja na wenzao. Besi zilipoingia, mabati ya ukumbi yalitetemeka.

Hakuna aliyekimbia. Mama yake Enock, aliyekaa safu ya tatu, alisema tu, "Amekonda," akaendelea kupiga makofi.

Mzee Mihayo alipanda jukwaani kutoa shukrani. "Tuwakumbuke vijana wetu watano," alianza.

Euphrasia alisimama. "Tisa!" alisema.

"Watano," mzee alirudia kwa upole.

"Tisa!" ukumbi mzima uliitikia, na vigelegele vikapasuka kila upande mpaka hotuba ikaishia hapo. Martina aliitwa mbele. Watu walimbeba juu juu na kumzungusha ukumbi mzima pamoja na aproni yake yenye gundi.

Kalisti alikuja ukingoni mwa jukwaa.

"Rebeka yuko darasa la ngapi?"

"La nne," Euphrasia alisema.

"Hesabu anaweza?"

"Anawashinda wote."

Kalisti alitabasamu, akamshika mkono mkewe, kisha akarudi shimoni na wenzake, kwa kuwa kesho yake kulikuwa na onyesho jingine.

Jioni hiyohiyo wanawake wa kanisa walifika kwa Euphrasia na mikeka, kuni na unga. "Pole, Mama Rebeka," walisema, na waliopunguza sauti zamani waliisema kwa sauti kubwa kuliko wengine. Walikaa matanga siku tatu. Euphrasia alilia kama alivyotaka, akala, akalala usingizi mzito.

Kisha aliiandikia kampuni kuomba jina la mumewe liongezwe kwenye jiwe. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, lina muhuri. Kampuni ilieleza kwamba, kwa kuwa ndugu Kalisti ameonekana na mashahidi zaidi ya mia nne akiimba akiwa na afya njema, imethibitika pasipo shaka kuwa hakufia katika duara la Nyamtondo. Waliokufa wanabaki watano.

Martina aliisoma barua hiyo mara mbili, akamrudishia Euphrasia. Tamthilia ilikuwa imeshaalikwa Mhunze, na Geita walikuwa wameomba maonyesho matatu.

Alikuwa anapakia matimba kwenye lori pale mama mmoja mgeni, amejifunga kitenge kiunoni, alipoingia karakana.

"Mimi natoka machimbo mengine," alisema. "Sisi wala jiwe hatukuwekewa."

"Wako wangapi?" Martina aliuliza.

"Kumi na wanne."

Martina alifuta vumbi kwenye benchi akamwonyesha pa kukaa, kisha akashusha kadibodi mpya kutoka darini.