Mafiga ya Mhandisi

Tangu biashara iwe huria, Makambako ilijaa nyumba za wageni, na majitaka yao yakakosa pa kwenda. Ndipo mhandisi Mansoor akaja na ramani. Mabwawa ya kusafishia majitaka hayo alitaka kuyachimba kwenye kisiwa kilicho katikati ya kinamasi chetu, tunakozika ukoo mzima.

"Mama, pale hakuna makaburi," aliniambia bila hata salamu. "Tumepima siku tatu. Sijaona msalaba wala saruji."

"Sisi tunaweka jiwe moja tu kichwani pa marehemu."

"Mawe gani? Hayapo!"

Nilivua viatu nikavuka tope, naye akanifuata huku akilalamikia suruali yake. Kisiwani vibarua wake walikuwa wanasonga ugali juu ya mafiga matatu meusi kwa masizi. Nikamwaga ndoo yao nzima ya maji motoni.

"Jiwe hilo lenye ufa nililibeba mwenyewe siku tulipomzika mama. Mmelitoa wapi?"

Mansoor akawageukia vibarua. Wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka.

"Basi, mpaka mkumbuke," nikamwambia, "kisiwa kizima ni kaburi la mama yangu."