Bustani ya Meneja Sebuleni

Fundi redio alikuwa amepiga magoti nyuma ya televisheni, akichomeka waya wa mtandao kwenye kompyuta kuukuu aliyoiweka juu ya stuli. Mkewe, Mama Pacha, alisimama mlangoni na ndoo tupu.

"Hiyo ndiyo itatuletea maji?"

"Hiyo ndiyo itasema ukweli usifutwe," fundi alijibu.

Mtaa wao ulikuwa haujaona maji ya bomba tangu pacha wakinyonya, na sasa pacha walikuwa wananyoa ndevu. Kila fundi alipoandika malalamiko kwenye ukurasa wa idara ya maji, yalifutwa kabla chai yake haijapoa. Ndipo alipoamua kuwa na seva yake mwenyewe, kompyuta ya kuhifadhia na kurushia ukurasa wake, ndani ya nyumba yake, kwa umeme wake, aone nani atakuja kufuta.

Aliandika ukurasa, akaufungua kwa simu akiwa kwenye kochi, ukafunguka. Wiki nzima akatembea kifua mbele akisema dunia yote sasa inamsoma. Aliyemtoa tongotongo ni shemeji yake, mdogo wake Mama Pacha, fundi cherehani wa nyumba ya jirani.

"Shemeji, kwangu haifunguki. Unajisoma mwenyewe humo ndani."

Kweli. Alikuwa hajaiambia ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti nyumbani, kwamba mtu akija kutoka nje aelekezwe kwenye ile kompyuta ya kwenye stuli. Akaingia kwenye mipangilio, akafungua njia, akajiandikishia jina la bure la mtandaoni ili kampuni ya intaneti ikimbadilishia namba ya anwani watu wasimpoteze. Shemeji akajaribu tena kwa bando lake, akiwa jikoni kwake. Ukurasa ukafunguka, na sebule ya fundi ikajaa moshi wa vitunguu vilivyoungua.

"Mwambie asomee nje," Mama Pacha alisema, akafungua dirisha.

Ikawa hivyo tangu siku hiyo. Popote msomaji alipokaa, hewa ya hapo ilikuja sebuleni na kubaki mpaka amalize kusoma. Wengi hawakuwa watu bali mashine za mbali zinazopitapita zikijaribu kila seva kama iko wazi, na hizo zilileta joto kavu la vyumba visivyo na madirisha. Siku moja mtu fulani wa nchi ya baridi aliyepotelea huko mtandaoni aliusoma ukurasa hadi mwisho, theluji ikafika kwenye vifundo vya miguu. Mama Pacha aliizoa kwa kizoleo, ikayeyuka ikatoa nusu sufuria, akaoshea vyombo. Kilichomuuma ni zulia.

Fundi hakuwa na haja na theluji. Alimtaka meneja wa idara ya maji, huyo tu, asome na aone haya. Alibandika jina la ukurasa kwenye geti la idara, akarudi kukaa kwenye kochi.

Meneja alifika asubuhi moja. Sebule ilipoa ghafla, ikanukia kapeti jipya na kiyoyozi, Mama Pacha akavaa sweta. Baridi ilidumu muda wa mtu kusoma aya mbili na kupiga miayo, kisha joto likarudi.

"Kasoma!" fundi alisema, sauti ikimtetemeka kwa furaha.

Mabomba hayakupata habari hiyo. Lakini jioni meneja alisoma tena, safari hii akiwa nyumbani kwake, na juu ya kochi la fundi maji yakaanza kumwagika. Yalizunguka, tsi-tsi-tsi, yakapiga ukuta wa huku, yakarudi wa kule, yamechanganyika na vipande vya majani yaliyokatwa. Fundi aliifunika seva kwa beseni, akasimama katikati ya sebule akilowa. Ilikuwa bustani. Maji ya mtaa mzima yalikuwa yananywewa na nyasi za mtu mmoja.

"Usisimame hapo kama nguzo," Mama Pacha alisema. "Lete ndoo."

Kesho yake fundi aliandika kila kitu, bustani, nyasi, bomba kubwa lililochepushwa, na akaanza kwa "Mheshimiwa Meneja". Meneja alichungulia, akafunga. Hata kikombe hakikujaa. Shemeji, aliyekuwa amekuja na ndoo zake mbili, akaomba kibodi.

"Huyu anajua anachokula, Shemeji. Humwambii jipya. Hebu sogea."

Aliandika mstari mmoja tu, kwamba meneja anafunga tai kama mtu anayefunga mbuzi asitoroke.

Meneja aliusoma mara sita. Akamwita mkewe, naye akausoma kwa simu yake, kwa hiyo maji yakaja kutoka pande mbili. Akamtumia kaka yake, ambaye kwa bahati alikuwa ndani ya bwawa la kuogelea. Majirani walijaza mapipa, masufuria na bafu la mtoto, na bado yalikuwa yanatiririka kibarazani.

Basi kazi ikajulikana. Kila jioni mtaa ulipanga foleni sebuleni, kila mtu na ndoo yake na neno lake. Walipitia tumbo la meneja, mwendo wake, suti zake, jinsi anavyocheka. Fundi alijaribu mara mbili kurudi kwenye suala la bomba, na mara zote mbili watu waliondoka na ndoo tupu wakimtazama kama mwizi.

"Kaka, hayo ya bomba waandikie wajukuu," mwenye duka la kona alimwambia. "Sisi tuna nguo za kufua."

Kisha ikasikika kwamba meneja anahamishwa. Wa kuja nafasi yake alisemekana kuwa mtu mkimya, anaishi ghorofani bila hata chungu cha maua, na hajali watu wanamsema nini. Mtaa uliingiwa na hofu. Waliwaandikia wakubwa wa idara kwamba meneja huyu ni hazina, kwamba kwa miaka mingi hawajapata maji kama wanavyopata sasa, kwa hisani yao asiondolewe. Hapakuwa na neno la uongo. Karatasi ilizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi, ikafika kwa fundi mwisho.

Aliishika kalamu, haikusogea. Aibu ilimchoma. Seva hii aliijenga ili mtu huyu aondoke.

"Maji ukiyavulia nguo yaoge," shemeji alimwambia.

Uani, Mama Pacha alikuwa anafua mashuka yote ya nyumba kwa mpigo mmoja, akiimba. Fundi hakukumbuka mara ya mwisho alipomsikia akiimba. Akatia sahihi.

Meneja alibaki. Idara ilimpa cheti cha huduma bora, na kwenye ramani yao mtaa ule ukapakwa rangi ya buluu, ya mitaa yenye maji. Jioni ile majirani walikuja mapema, wakaketi kwenye viti vilivyolowa, miavuli mapajani. Fundi alivuta kibodi.

"Leo tuanze na nini?"

"Masikio," Mama Pacha alisema, akisogeza ndoo yake. "Masikio bado hatujayagusa."