Perege wa Kampuni ya Meli

Kampuni ile ilikuwa na meli zake Kigoma, lakini mabwawa yake manne ya perege yalikuwa nje ya Tabora. Mabosi walisema, kama meli haifiki bara, basi samaki wafike. Aliyeyatunza alikuwa Marcelina, mkazi wa kijiji jirani cha Ujamaa.

Asubuhi moja ya mwaka 1971 alifika na beseni la pumba kichwani. Siku zote perege wakisikia hatua zake tu, maji huchemka. Siku hiyo kimya. Alipotazama vizuri, mabwawa yote manne yalikuwa meupe kwa matumbo ya samaki waliokufa.

"Mama yangu wee!" Beseni likamponyoka.

Maji yalinuka dawa ya kuulia wadudu wa tumbaku. Akaufuata mbio mfereji ulioleta maji mabwawani, na huko juu akamkuta mumewe, Bernardo, anasuuza bomba la kunyunyizia dawa la shamba la tumbaku la kijiji.

"Bernardo! Unaosha hapo tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Kisimani kuna foleni. Kwani vipi?"

Marcelina akamshika mkono, akamvuta hadi bwawani. Bernardo akakaa chini ukingoni.

"Nimewaua wote?"

Marcelina alikuwa ameona nyayo mbichi ukingoni, na magamba yametapakaa njiani kuelekea kwa jirani yao, Tatu.

Walikimbia wote wawili. Tatu alikuwa anapakua ugali, watoto watano wamezunguka sinia, chungu cha mchuzi kinatokota. Marcelina hakubisha hodi. Alikipiga chungu teke, mchuzi ukamwagikia majivuni.

"Umerukwa na akili, shoga?" Tatu alipiga kelele, mwiko mkononi. "Kitoweo cha wanangu!"

"Kuna aliyeonja? Tatu, niambie, kuna aliyeonja?"

"Bado! Kuna nini?"

"Ni sumu," alisema Bernardo kutoka mlangoni, machozi yakimtoka. "Nimeitia mimi, kwa mikono yangu."

Tatu aliwatazama wanawe mmoja mmoja, akawakumbatia wote kwa mpigo.

Mchana samaki walifukiwa. Yoramu, msimamizi wa kampuni, alifika na kuuliza kilichotokea. Bernardo akasimama mbele ya kijiji kizima akasema kila kitu. Kampuni iliyafunga mabwawa, na Marcelina akarudi kulima. Hakumlaumu mumewe hata siku moja, ila kwa miezi mingi kila alipofunua chungu alikinusa kwanza kabla ya kupakua.