Kisiwa Kisichokuwa Kwenye Ramani

Mwalimu Obreja aliujua mto Danubi kwa kukariri: unaanzia Msitu Mweusi kule Ujerumani, unapita Vienna, Budapest, Belgrade, unaishia Bahari Nyeusi. Ukiruka mji mmoja, rula. Kumbe hata siku moja hakuwahi kupanda mtumbwi. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Nikiwa darasa la tatu alituambia tuchore mto unavyopita kijijini kwetu, mpakani mwa Romania. Nikachora na kisiwa, maana baba yangu alitega nyavu huko.

"Kisiwa hiki umekitoa wapi, pumbavu wewe?"

"Kipo, Mwalimu. Miti ile tunayoiona si ng'ambo. Nyuma yake kuna maji mengine, ndipo ije Yugoslavia."

"Ramani ya serikali hainacho, wewe unacho!"

Alinipiga kwa ubapa wa rula, kisha kwa ukingo wake. Kidole changu cha kati kimepinda mpaka leo.

Miaka kumi na minane baadaye akaja kwangu na chupa ya pombe ya plamu. Mkewe alishatoroka, yuko Italia, na yeye alitaka kumfuata. Sote tulijua waliokamatwa wakivuka mpaka wanafanywaje.

"Trifon, mwanangu," akaanza. Lo! Leo mimi mwanawe! "Wewe mvuvi. Nikiogelea moja kwa moja kutoka kanisani, natokea Yugoslavia?"

Neno moja tu lingemwokoa. Nililisikia kooni, nikalimeza.

"Ramani inasemaje, Mwalimu?"

"Inasema ndiyo."

"Basi mie nani nibishane na serikali?"

Akanikumbatia. Nikainywa pombe yake, na ilikuwa tamu.

Jumapili asubuhi, ukungu umetanda, akaingia majini. Yaliyofuata tulisimuliwa na askari wa mpakani wenyewe, wakicheka mpaka machozi. Alifika hoi, akapiga magoti, akabusu matope. Aliposikia buti zinakuja akainua mikono, akapaza sauti kwa Kiserbia: "Ndugu zangu! Nimewakimbia mbwa wale!"

Mbwa wale wakamjibu kwa Kiromania.

Adhuhuri wakampitisha kijijini, watoto wa shule wamepangwa barabarani wamwone. Meno ya mbele hana. Aliponifikia akasimama.

"Trifon, kwa nini hukuniambia kuna kisiwa?"

Nikamwinulia kidole changu.

"Nilikwambia, Mwalimu. Darasa la tatu."

Akakitazama kidole, akanitazama mimi. Haki ya Mungu, hakukumbuka.